Kwa Mafundi wa Rangi wa Corvette Kuukuu

Chevrolet Corvette za kwanza, 300 tu, ziliundwa mjini Flint, Marekani, mwaka 1953. Zote zilikuwa nyeupe, na bodi zake hazikuwa za bati bali za faibaglasi. Mwenye Corvette kuukuu leo akitajiwa bei ya kuipaka rangi upya, hushtuka. Namwomba kwanza aende gereji akatazame.

Rangi ya zamani haiondolewi kwa kupuliza mchanga kama kwenye bati, maana mchanga huitafuna faiba. Dawa kali ya kubabua rangi nayo yaweza kupenya ikaila gundi inayoshikilia nyuzi. Basi fundi hukaa na msasa, tabaka baada ya tabaka, siku nenda siku rudi, akipapasa kwa kiganja, kwa kuwa jicho halioni kibonde ambacho rangi mpya itakuja kukianika. Maungio ya bodi ndiyo makaidi kuliko yote: hata baada ya miaka hujichora tena juu ya rangi. Ufa mwembamba kama unywele haufunikwi kwa puti. Huchimbwa, ukatandikwa nyuzi mpya, ukazibwa. Ndipo huja praima, kungoja ikauke sawasawa, kisha msasa tena. Vumbi la nyuzi huwasha shingo na mikono usiku kucha, na rangi yenyewe ni sumu kwa mapafu.

Kopo la rangi ni sehemu ndogo ya bili ile. Kubwa ni saa za mtu. Mlipe fundi wako bila kumpunja.