Mchezo Hujaribiwa na Nani?

Kuna michezo ambayo mtu huicheza miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza ni nani aliyeibuni, wala aliijaribu pamoja na akina nani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mimi kuhusu Uno, mpaka nilipojitia katika kazi ya kubuni mchezo wangu mwenyewe wa karata, nikashindwa. Haya ninayoyaandika basi ni maoni ya mtu aliyejikwaa, wala si ya bingwa.

Asili ya Uno inajulikana. Mwaka 1971 Merle Robbins, kinyozi wa mji wa Reading katika jimbo la Ohio, Marekani, alibishana na mwanawe juu ya kanuni za Crazy Eights, mchezo wa jozi ya kawaida ya karata 52 ambamo nane huruhusiwa kuwekwa juu ya karata yoyote. Kutokana na ubishi huo akabuni mchezo wake. Jamaa zake wakauonja, wakaupenda, wakachanga dola 8,000, wakachapisha jozi 5,000, na Robbins akaanza kuziuza katika kinyozi chake. Mwaka 1972 aliuza haki zake kwa dola 50,000 pamoja na senti 10 kwa kila jozi itakayouzwa. Tangu mwaka 1992 mchezo huo umekuwa mali ya kampuni ya Mattel.

Sisi wa Kenya hatukuhitaji kufundishwa sana. Kadi yetu, ile ambayo lazima useme "niko kadi" kabla hujamaliza, ni ndugu wa Crazy Eights. Mbili na tatu humtia mwenzako adabu ya kuokota, ghulamu humruka anayefuata, mfalme hurudisha mchezo nyuma, na ree hubadilisha mambo. Mwenye kuyajua hayo akifungua Uno hujiona yuko nyumbani.

Mchezo wangu mimi ulikuwa wa methali. Nilikata karata 60 kutoka karatasi ya manila. Nusu nikaziandika mianzo ya methali, nusu miisho yake. Mwenye "Haba na haba" alipaswa kuwahi "hujaza kibaba" kabla ya wenzake. Jioni moja niliujaribu pamoja na walimu wenzangu watatu. Walicheka, wakausifu. Kila walipokwama nilikuwa nimesimama nyuma yao, nikieleza. Sikutambua kwamba maelezo yangu ndiyo yaliyokuwa yakijaribiwa usiku ule.

Jumapili iliyofuata nikampelekea mama. Mama anajua methali kuliko sisi wanne kwa pamoja, lakini hakupelekwa shule. Alizishika zile karata, akazigeuza mbele na nyuma, kisha akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "methali zangu mwenyewe umezitia kufuli." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetunga mchezo wa methali uliomweka nje mtu niliyejifunza methali kwake.

Hapo ndipo nilipoanza kuithamini Uno. Mama huyo huyo huicheza na wajukuu, na huwashinda. Nambari anazijua vizuri kwa miaka aliyouza samaki sokoni. Karata zote 108 hazimdai kusoma sentensi hata moja: kuna nambari, rangi, na alama chache ambazo mtu huzizoea kwa mizunguko miwili. Unagawiwa karata 7, unafuatisha rangi, nambari au alama, ukishindwa, unaokota. Mtoto na bibi yake huketi sawa, kwa kuwa bahati humpa kila mmoja siku yake. Wapo wanaoilaumu kwamba bahati imezidi akili. Mimi naona kwa mchezo wa baraza na wa baada ya chakula, hiyo ni sifa.

Lakini Uno nayo ina mtu iliyemsahau, na mtu huyo nilimpata nyumbani mwetu. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akiweka kijani juu ya nyekundu. Wenzake walimwita mwizi. Nami nilimkemea, nikamwambia mchezo hautaki ujanja. Akaweka karata zake chini akasema, "Mjomba, mimi sichezi tena," na kweli hakucheza. Ulipita karibu mwaka ndipo daktari wa macho alipotueleza kwamba kwa kijana huyu nyekundu na kijani hukaribiana mno.

Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo katika kadi hana mpinzani. Nilikaa nikazitazama jozi mbili ubavu kwa ubavu, na sababu ikajitokeza. Kopa, shupaza, uru na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno, ni maumbo. Zichapishe zote kwa wino mweusi, bado utazitofautisha. Uno iliyatupa maumbo hayo ili kurahisisha, ikabaki na rangi nne tupu: nyekundu, kijani, manjano na buluu. Kwa wengi ilirahisisha kweli. Lakini miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume 1 katika kila 12 ana shida ya rangi ya namna hii. Yaelekea meza ya kwanza ya Uno haikuwa na mtu kama huyo, au alikuwapo akanyamaza kama mpwa wangu. Ilikuwa mwaka 2017, miaka 46 baadaye, ndipo Mattel walipotoa jozi yenye alama ndogo kwa kila rangi.

Simlaumu kinyozi yule. Alifanya nilichokifanya mimi: aliwajaribia aliokuwa nao. Lawama yangu ni kwetu sisi tunaodhani kicheko cha walioketi ni ushahidi wa kutosha. Anayebuni mchezo hana budi amtafute asiyecheka, yule aliyeweka karata chini mapema, amwulize kwa upole kilichomsumbua. Mimi niliulizwa hivyo na mama bila ya kumwendea. Mpwa wangu sikumwuliza, nilimkemea.

Karata zangu za methali nimezichora upya kwa picha za wino mweusi. Mama ndiye aliyeniambia nichore nini, na mpwa wangu ndiye aliyechora, maana mkono wangu ni mbovu. Sikukuu iliyopita walizicheza ukumbini nami nikabaki jikoni makusudi. Nilisikia ubishi mkubwa juu ya picha ya kibaba, iwapo ni kibaba au kikombe. Miguu ilinivuta niende nikaeleze. Nilijizuia, nikachukua kalamu nikaandika: kibaba, kichorwe tena.