Neno "Au" Katika Sheria ya Uraia

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 1995, inataja katika jedwali lake la pili sifa za mgeni anayeomba uraia wa tajinisi. Awe amekaa nchini miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe na tabia njema. Awe na uwezo wa kuchangia uchumi, sayansi na utamaduni wa Taifa. Tena awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Makada na wanafunzi wengi wameisoma sheria hii na kulipita neno hilo "au" bila kusimama. Sisi tunasema neno hilo lina tabaka lake, na ni wajibu wa Chama kulihoji.

Tuulize: ni mgeni gani anayeweza kukaa Tanzania miaka minane, akajua Kiingereza na asijue Kiswahili? Mvuvi aliyevuka Ziwa kutoka Kalemie hayumo. Mkulima aliyekimbia Burundi hayumo; Kiingereza hajui, na Kiswahili amejifunza shambani na sokoni kwa sababu bila hicho asingeuza hata debe la mihogo. Anayeweza kukaa miaka yote hiyo bila Kiswahili ni mtu mwenye wa kumsemea: ana karani, ana dereva, ana wakili. Mlango wa "au" umefunguliwa kwa ajili yake. Kwa mdomo tunasema Taifa letu limejengwa juu ya lugha ya umma, kumbe kwenye karatasi tumemwachia mwenye mtaji njia ya pembeni.

Na ni karatasi yenyewe iliyotungwa kwa Kiingereza! Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe inayokumbusha kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Tunaisherehekea kwa ngoma na hotuba. Lakini raia mpya anaweza kula kiapo chake bila kuielewa hata hotuba moja kati ya hizo. Ataingiaje katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambamo kila mkazi mtu mzima ni mjumbe? Atamhojije mwenyekiti juu ya mapato ya kijiji?

Wapo ndugu wanaojibu kwamba nchi inahitaji wataalamu na wawekezaji. Sawa, waje, kuna vibali vya ukaazi kwa ajili hiyo. Uraia ni jambo jingine.

Lakini uhakiki ukiishia hapo utakuwa nusu, na nusu yake nyingine inaonekana vizuri zaidi kutoka huku kwetu. Hapa Rusimbi, Ujiji na pwani yote ya Ziwa, lugha inatumika kupima watu ambao jedwali lile haliwahusu kabisa, yaani waliozaliwa hapa. Muha na Mrundi husemezana bila mkalimani. Wamanyema wa Ujiji wana asili ya ng'ambo, na walikuwa hapa kabla Mjerumani hajaweka mpaka wowote. Kiswahili nacho hakikomi majini: kinasemwa Uvira na Kalemie, na katika mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi. Kwa hiyo anayetaka kumtambua mgeni kwa ulimi katika mkoa huu atakosea pande zote mbili. Atamkamata Muha wa Kasulu kwa lafudhi yake, na atampitisha Mkongomani kwa ufasaha wake.

Kosa hili lina chanzo chake. Tarehe 9 Desemba 1961 aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kuthibitisha hilo leo kunataka karatasi ya babu au bibi, na mabibi wa kijijini hawakuandikiwa vyeti. Karatasi ikikosekana, ofisa husikiliza matamshi. Wakati wa Operesheni Kimbunga mwaka 2013, iliyopita Kagera, Kigoma na Geita, kulikuwa na malalamiko kwamba raia walichanganywa na wageni. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Kumwambia mama mzee arudie neno ili ujue kwao ni wapi ni mambo yote matatu kwa pamoja.

Hapo ndipo mwanafunzi makini atauliza: ukifuta "au" na kubakiza Kiswahili peke yake, hujatengeneza rungu jipya la kumpigia mnyonge? Swali ni la haki. Marekani inatupa mfano. Nchi hiyo imedai Kiingereza kwa waombaji wa uraia tangu sheria ya 1906. Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya lugha rasmi, na papo hapo akafuta amri ya Clinton ya mwaka 2000 iliyotaka wasiojua Kiingereza vizuri wasaidiwe kupata huduma. Ni kudai lugha kwa mkono mmoja na kunyang'anya msaada kwa mkono mwingine. Kibarua wa shambani hapati somo, anapata aibu.

Historia yetu ina njia tofauti. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili katika shule za msingi kama watoto wengine. Serikali ilipokubali maombi yao, zaidi ya 160,000 walipata uraia, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Lugha ilikuwa imefundishwa kwanza. Waliokuja kuanzia 2015 hawakupata bahati hiyo: shule za kambini zilifuata mitaala ya Burundi, ili warudi.

Kwa hiyo marekebisho tunayotaka yaende pamoja. Maneno "au Kiingereza" yafutwe katika jedwali la pili. Halmashauri zenye wageni wakaazi zifufue madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, na mwombaji wa uraia afundishwe bure kabla ya kupimwa. Na kanuni iandikwe waziwazi kwamba lafudhi ya mtu si ushahidi wa uraia wala wa ugeni, iwe kizuizini barabarani au mezani kwa ofisa anayegawa vitambulisho. Matawi ya Chama mkoani Kigoma yana wanachama wa kutosha wenye ushuhuda wa jambo hili la mwisho. Waandike, na wapeleke kwa wabunge wao kabla muswada haujaandikwa na wengine.