Wimbo wa Mtoto Njiani: Juu ya Fani Iliyosahauliwa na Wahakiki

Fasihi ya Kiswahili ina utajiri wa safari, tena ina utajiri wa nyimbo. Anayekosekana ndani yake ni mtoto mdogo aliye safarini. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, ambamo Waswahili wenyewe walisimulia nchi walizozipita. Mmoja wao, Salim bin Abakari, alifika hata Urusi na Siberia. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, naye alieleza misafara yake ya bara kwa maneno yake mwenyewe. Ni nathari nzuri, yenye macho makali na maneno machache. Lakini wasafiri wake ni wafanyabiashara, wapagazi, na watawala waliodai hongo njiani. Kwa upande mwingine tuna Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, ambamo mama anamwusia binti yake. Humo mapenzi ya mzazi yapo, na mambo ya nyumba yapo, lakini hakuna anayesafiri. Hivyo mwanafunzi wetu hufunzwa, bila ya mtu kumwambia wazi, kwamba safari ni habari ya wanaume na malezi ni habari ya wakaao nyumbani.

Maisha hayakugawanyika namna hiyo. Katika Afrika ya Mashariki yote mama husafiri na mwanawe mgongoni, naye humwimbia. Nyimbo hizo zimo katika fani mbili kwa wakati mmoja, safari na bembelezi, na pengine ndiyo sababu hazikupata mlezi katika uhakiki. Makala haya yataka kuonyesha kwamba zina ufundi wake, kwamba ufundi huo hauonekani kwa mizani tuliyozoea kuitumia darasani, na kwamba kuchelewa kwetu kuupima kuna hasara.

Na tuchukue mahali pamoja ili tusizungumze hewani. Nainokanoka ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, katika nyanda za juu za volkano, karibu na kreta ya Olmoti. Kutoka Olmoti mto Munge hushuka na kuingia katika kreta kubwa ya Ngorongoro. Mbele zaidi, upande wa kaskazini-mashariki, iko Empakaai na ziwa lake. Nchi hiyo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nayo ina baridi na ukungu mwingi. Wakazi wake ni Wamaasai, watu wa mifugo. Mji wa biashara ulio karibu ni Karatu, katika nchi ya Wairaqw, nje ya hifadhi; na mtu aendaye huko kutoka Nainokanoka hupita ukingoni mwa kreta kubwa, kisha akateremka msituni hata lango la Lodoare. Mama mwenye mtoto wa miaka miwili huifunga safari hiyo kwa haja za kawaida: kumpeleka mtoto hospitali, kununua na kuuza, au kuzuru ndugu. Sehemu moja ya njia huenda kwa miguu, sehemu nyingine kwa gari.

Mtoto wa umri huo ni msafiri mgumu kuliko wote. Hawezi tena kulala mchana kutwa kama mchanga, wala hajaweza kuelezwa kwamba njia bado ni ndefu. Kesho haijui, na mwisho wa safari haujui. Ajua njaa, usingizi, na uso wa mama yake; na akiwa amebebwa mgongoni uso huo haumwoni, bali aona kisogo. Kilichobaki ni sauti. Tena sauti hiyo haimfikii kwa masikio peke yake, kwa kuwa mwimbaji akiimba kifua chake hutetema, na mtoto aliyemwegemea huupokea wimbo kwa mwili wake mzima. Mhakiki anayetaka kuueleza wimbo huu hana budi kuanzia hapo. Msikilizaji wake haketi mbele ya mwimbaji, ameshikamana naye.

Tukiuchukua wimbo wa namna hii tukaupiga chapa, tutaona maneno machache, marudio mengi na maana haba. Wakusanyaji wengine hupunguza marudio ili kuokoa karatasi, kisha mhakiki husoma mabaki na kutoa hukumu kwamba fani hii ni duni. Hukumu hiyo ni sawa na ya mtu aliyepima ngoma kwa kutazama ngozi yake. Mimi naona kwamba yatupasa kuupima wimbo wa njiani kwa mambo matatu: pumzi, hatua na jina.

Pumzi kwanza. Katika shairi letu la mapokeo mizani huhesabiwa kwa silabi, na hesabu haibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Mama apandaye mlima na mzigo mgongoni hawezi kuishika hesabu hiyo. Mshororo wake hufupika penye mwinuko, hurefuka penye mteremko, na pengine hukatika kabisa, ukabaki mguno tu mpaka pumzi irudi. Wimbo ule ule ukiimbwa kwenda na ukiimbwa kurudi hauna umbo moja. Asiyejua njia atasema kwamba mwimbaji hana kanuni. Anayeijua ataona kwamba kanuni iko, nayo imo ardhini.

Pili ni hatua. Marudio tunayoyalaumu kitabuni ndiyo nguzo ya wimbo njiani, kwa maana mtoto hutulizwa na mambo mawili yanayokwenda pamoja, mtikiso wa mwendo na mrudio wa sauti. Mwimbaji mwelekevu huyalinganisha mawili hayo hata mtoto asiweze kuyatenganisha. Hakuna mtu amlaumuye msafiri kwa sababu anarudia kuinua mguu ule ule.

Tatu ni jina. Katikati ya marudio huwa pana nafasi wazi ambayo mwimbaji huijaza papo hapo: jina la mtoto, jina la bibi anayengojewa mwisho wa safari, ng'ombe aliyepita, mvua inayokuja. Hapo ndipo utunzi ulipo, na hapo ndipo twaweza kumtofautisha fundi na asiye fundi. Asiye fundi huingiza neno jipya na kuuvunja mwendo, mtoto huamka. Fundi huliingiza neno lile likakaa kana kwamba lilikuwamo tangu zamani. Sijui fani nyingine ambayo msikilizaji wake hutoa hukumu kwa haraka na kwa haki kama hii.

Kwa Wamaasai jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu muziki wao wa mapokeo umejengwa juu ya sauti za watu. Pana mwongozaji, aitwaye olaranyani, na pana waitikiaji, ambao pumzi zao nzito zenye mapigo hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na ngoma. Mtoto aliyezaliwa Nainokanoka huusikia mpango huo katika sherehe kabla hajajua kusema. Akiwa njiani na mama yake, mama ndiye mwongozaji, na kundi zima la waitikiaji ni yeye peke yake. Siku atakapotoa sauti mahali panapotakiwa kiitikio, hata kama sauti hiyo si neno, atakuwa ameingia katika muziki wa watu wake. Kwa hiyo wimbo huu ambao twauita wa kumnyamazisha mtoto ndio pia unaomfundisha wakati wa kuitika.

Yamkini msomaji atasema kwamba hii ni kazi ya malezi, si sanaa, na kwamba chombo cha kunyamazishia mtoto hakistahili kuwekwa pamoja na tenzi. Jibu tumekwisha kupewa na Shaaban Robert. Katika Wasifu wa Siti binti Saad alimweleza mwimbaji aliyeanza maisha katika umaskini wa shamba la Unguja, akizunguka kuuza vyungu; naye baadaye, mwaka 1928, alikwenda Bombay kuimba nyimbo zilizotiwa katika santuri. Mwandishi yule mkubwa hakuona haya kuufuata usanii mpaka kwenye mzigo wa vyungu. Sauti iliyozoezwa barabarani kwa ajili ya riziki ilikuwa sauti ile ile iliyosifiwa baadaye katika taarabu. Basi kama mzigo wa vyungu haukuiondolea sauti usanii wake, mzigo wa mtoto hauwezi kuuondoa.

Iko hoja ya pili, nayo ni ngumu zaidi. Husemwa kwamba nyimbo hizi zimekwisha, kwa kuwa redio na simu zimezipokonya kazi. Ni kweli kwamba muziki uliorekodiwa umefika kila mahali. Katika gari la abiria dereva ndiye achaguaye nyimbo, na abiria husikiliza wapende wasipende. Hata hivyo nimepata kusikia, katika gari litokalo Karatu kwenda juu, mama akikichukua kiitikio cha wimbo wa dereva, akakipunguza kasi, akayaacha maneno yake na kutia jina la mwanawe. Wimbo wa dereva ulikwisha, ukaja mwingine; wake yeye uliendelea. Mama yule alifanya kazi ambayo vitabuni huiita uhariri: alichagua, alikata, alibadilisha kwa kufuata haja ya msomaji mmoja.

Hapa swali la muziki upendwao laweza kujibiwa kwa namna isiyo ya kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba kwa Kihaya, na wimbo wake Maria Salome ulipendwa Tanzania nzima na watu wengi wasiojua hata neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2004 kundi la X Plastaz la Arusha lilitoa albamu iitwayo Maasai Hip Hop, iliyounganisha kufokafoka na uimbaji wa Kimaasai, nayo ilisikilizwa mpaka Ulaya na watu wasiojua Kimaasai. Mbele ya nyimbo kama hizo sisi sote huwa kama mtoto wa miaka miwili: maana haijatufikia, na tumekwisha kupenda. Wahakiki wetu, waliolelewa na kitabu, hupenda kuanza na maana kisha wakashuka kwenye sauti. Mtoto hupanda kwa upande wa pili, na huenda njia yake ni ya asili zaidi. Wimbo uupendao nyumbani mara nyingi si ule uliotungwa vizuri kuliko wote, bali ni ule uliochukua mzigo wakati fulani: safari ya usiku, homa, mvua iliyolikwamisha gari. Ubora wa aina hiyo ni halisi, na mhakiki anayeudharau hawezi kueleza kwa nini watu huimba.

Hata hivyo nisiulainishe ukweli. Kati ya wimbo wa mashine na wimbo wa mama iko tofauti isiyofichika. Mashine haisimami mtoto anapokohoa. Haingoji kuitikiwa, wala haina nafasi wazi ya kutia jina. Jamaa inayomwachia mtoto simu ili atulie hupata utulivu, lakini mwitikiaji haipati. Hili si shauri la kuilaani simu, ambayo mara nyingi ni rehema kwa mama aliyechoka. Ni shauri la kujua kipi kilichobadilishwa kwa kipi.

Sasa nifike kwenye hasara niliyoitaja. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa, Wamaasai walitolewa Serengeti, na wengi wao wakaja upande huu na mifugo yao na watoto wao. Tangu Juni 2022 jamaa nyingi zimehama kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Serikali ilisema kwamba zilihama kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki waliipinga kauli hiyo. Uhakiki wa fasihi hauna mamlaka ya kukata shauri hilo, lakini una swali lake. Katika safari zote mbili walikuwamo watoto waliobebwa, na waliobebwa waliimbiwa. Maofisa na waandishi wa habari waliandika hesabu ya kaya na ya ng'ombe. Sijaona aliyeandika wimbo hata mmoja.

Nao mtoto aliyeondoka mgongoni akiwa na miaka miwili hatakumbuka Olmoti, wala maji ya Munge, wala baridi ya asubuhi. Nyimbo za Wamaasai hupenda kutaja ng'ombe na mahali. Ikiwa mama yake aliyatia majina hayo katika nafasi wazi ya wimbo, mtoto huyo anayo nchi aliyoipokea kwa sikio. Ikiwa alinyamaza, au aliimbiwa na mashine peke yake, hana. Hiyo ndiyo thamani ya fani tunayoiita duni.

Ulimwengu nao una upofu kama wetu. Mwaka 2018 UNESCO, kwa ombi la Kenya, iliandikisha enkipaata, eunoto na olng'esherr katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini zote tatu ni mila za wanaume wa Kimaasai kupita kutoka rika moja hata jingine, mila za uwanja na mkutano. Wimbo wa mwanamke mmoja na mtoto mmoja njiani hauna uwanja, wala hauna siku yake ya sherehe, na kwa sababu hiyo hauna wa kuuombea.

Wa kuuombea ni wanafunzi wetu. Atakayekwenda kukusanya nyimbo Nainokanoka, Karatu, Msomera, au popote jamaa inapofunga safari, asirudi na maneno matupu. Aombe kwanza ruhusa ya mwimbaji. Kisha aandike umri wa mtoto, na kama alibebwa, alitembea au alipakatwa garini. Aandike njia ilipanda wapi na kushuka wapi, marudio yalikuwa mangapi, bila kupunguza hata moja, na ni maneno gani yaliyotiwa papo hapo. Aandike wimbo ulikatika wapi na kwa nini. Na mtoto akiitika, sauti yake nayo iandikwe, kwa kuwa ni sehemu ya wimbo.