Kuionja Riwaya Kabla ya Kuisifu

Wasomaji wawili wakikutana, mmoja akauliza kama kuna riwaya nzuri ya kusoma, jibu linalosikika mara nyingi ni hili: "Isome ile, ina mafunzo sana." Jibu hilo limetoka darasani. Kwa miaka mingi riwaya ya Kiswahili imewafikia watu wa Tanzania na Kenya kama kitabu cha mtihani, na mtihani huuliza dhamira, maudhui, wahusika na tamathali za usemi. Mtu humaliza shule akijua kuorodhesha matatizo ya ndoa katika kitabu fulani, lakini akashindwa kueleza kwa nini kilimfanya akeshe hadi saa nane za usiku, au kwa nini alikiacha alipofika sura ya tatu.

Mafunzo yamo hata kwenye bango la zahanati. Riwaya ni kazi ya ufundi. Mnunuzi mjuzi wa mkeka haishii kusifu rangi. Huugeuza akatazama ukili ulivyounganishwa. Anayesoma kwa raha, kisha akataka kumshauri mwenzake asome nini, naye anapaswa kujua mahali pa kugeuza.

KURASA ISHIRINI ZA MWANZO

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Baada ya kurasa ishirini, msomaji afunge kitabu na kujiuliza: nani anataka nini, na nini kinamzuia? Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, jibu huja bila kutafutwa. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, ameozwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kuwa baba yake. Moyo wake uko kwingine, jamaa zake wako kwingine. Anapokuja kukutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza, mapenzi na siasa hushikwa kwenye kamba moja, na jina la kitabu linapata uzito wake. Msingi wa yote hayo umejengwa mapema, katika ndoa ile isiyolingana.

Hata hivyo, kuanza kwa kishindo si sharti. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe, mwaka 1945, kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaopendana lakini hawajapata mtoto. Tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka uliofuata kabla nakala hazijamfikia. Kitabu hicho kinatembea polepole: watu wanalima, wanapika pombe, wanatembeleana, wanaagana kwa maneno marefu. Anayekisoma kwa pupa atachoka. Lakini swali la mwanzo lina jibu hapa pia: wakwe wamemchukua binti yao kwa sababu ya utasa, na mume anataka mkewe arudi. Kila adabu inayoelezwa inabeba swali hilo. Upole wa mwendo huwa kasoro pale tu ambapo kurasa zinapita na hakuna anayetaka chochote.

SIKIO NDILO MIZANI YA LUGHA

Msomaji achague ukurasa mmoja wa katikati, ausome kwa sauti. Lugha iliyokaa sawa haimkwazi msomaji. Iliyolazimishwa humfanya arudie sentensi kutafuta kitenzi kiko wapi.

Hakuna Kiswahili kimoja cha riwaya. Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, huyu wa pili mzaliwa wa Pemba, wana maneno ya visiwani, na mazungumzo ya wahusika wao yana ladha ya barazani na ya uani. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, aliandika kwa sentensi fupi zisizo na mapambo, na wapo waliodhani kwamba unyoofu ule ni upungufu. Si upungufu. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, lugha kavu inalingana na kijana msomi ambaye dunia imemkaukia. Kosa ni lugha isiyo na mwenyewe: mvuvi, hakimu na mtoto wa miaka saba wote wakizungumza kama waliokariri kamusi moja.

Kwa hiyo kuna zoezi la pili. Msomaji afunike majina ya wasemaji katika mazungumzo yoyote, kisha ajaribu kukisia nani anasema. Akiweza, mwandishi amesikiliza watu. Asipoweza, kitabu kina sauti moja iliyovishwa majina mengi.

Methali nazo zitazamwe kwa jicho kali. Methali inayotoka kinywani mwa bibi anayemkanya mjukuu ina kazi. Methali tano zilizopangwa katika aya moja ya msimulizi hazina kazi. Mwandishi anajaza nafasi, na msomaji hulihisi hilo hata kama hajui kulieleza.

WATU, SI VIBANDIKO

Shaaban Robert katika Kusadikika, ya mwaka 1951, alimwita mshtaki wake Majivuno na mshtakiwa wake Karama. Majina yanatangaza tabia kabla mtu hajafungua mdomo. Wapo wanaouona mtindo huo kuwa wa kitoto, nao wanakosea, kwa maana Kusadikika ni istiara: nchi inayoelea angani, yenye kesi inayohukumu utawala wenyewe. Hapo majina ya sifa yana haki yake. Mtindo huohuo ukiingizwa katika riwaya inayodai kuonyesha maisha ya kawaida ya Dar es Salaam au Nairobi, huua taharuki, kwa sababu msomaji anajua mwovu ni nani tangu anapotajwa. Kabla ya kuhukumu wahusika, lazima kwanza ijulikane kitabu ni cha aina gani.

Njia bora ya kunoa jicho katika jambo hili ni kusoma riwaya mbili kwa kufuatana: Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Zote zina binti aliyebanwa na baba. Rosa ana Zakaria, baba mkali anayedhani kipigo kitamlinda mtoto dhidi ya wavulana. Maimuna ana Bwana Maksuudi, mwenye cheo na mali, anayemfungia ndani. Mabinti wote wawili wanapotoka, wanatoka bila kujua dunia ikoje, na dunia inawala.

Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya yale inayoyaonyesha. Waliopiga marufuku walitazama matukio peke yake. Mwonjaji hutazama jinsi tukio linavyozaa lingine: ukali wa Zakaria unaleta jambo lilelile alilokuwa akiliogopa. Baba huyo hakuumbwa ili achukiwe tu. Hofu yake inaeleweka, na kwa kuwa inaeleweka, anguko la binti yake linauma zaidi. Kipimo cha mhusika ni hicho. Je, anayefanya ubaya ana sababu ambayo yeye mwenyewe anaiamini? Na anayeonewa, ana uamuzi wowote unaotoka kwake, au anasukumwa kama kete?

Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, inafaulu mtihani huo kwa watu watatu tu. Bahati, Idi na tajiri Mwinyi kila mmoja ana kiu yake, na hakuna hata mmoja anayeweza kuikata yake bila kuiwasha ya mwenzake.

MAHALI PASIPOHAMISHIKA

Mandhari huhukumiwa kwa swali moja: kisa hiki kingeweza kuhamishiwa mji mwingine bila kubadilisha kitu? Kuli, pia ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, haihamishiki. Inaegemea mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Mizigo, jua, ujira mdogo na vyumba vya makuli ndivyo vinavyomgeuza Rashidi kutoka kijana anayetafuta riziki kuwa mtu anayedai haki. Bandari ikiondolewa, riwaya haipo.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inatumia mahali kwa namna nyingine. Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kumtafuta baba yake hadi Kitale, bara ya Kenya. Kila anapofika, anapokewa kama mgeni wa aina tofauti, na msomaji anaiona Afrika Mashariki ikibadilika lafudhi njiani. Ndiyo sababu wengi waliolazimishwa kuisoma shuleni wameirudia ukubwani kwa hiari.

HAKI YA MSOMAJI WA FUMBO

Riwaya za upelelezi zimedharauliwa mno, ilhali ndizo zilizowafundisha Waswahili wengi kusoma bila kulazimishwa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, ilimleta Bwana Msa na kiko chake, akiwa na rafiki yake Najum. Maiti inakutwa mzimuni; wengine wanazungumzia mizimu, Bwana Msa anazungumzia ushahidi. Baadaye wakaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake.

Hawa wasipimwe kwa mizani moja. Kwa Bwana Msa, msomaji akishajua siri arudi nyuma na kutafuta dalili. Zikiwepo, amechezewa mchezo wa haki. Zisipokuwepo, mwandishi amemtoa mkosaji mfukoni. Kwa Willy Gamba, kinachopimwa ni kasi: hatari iongezeke kila sura, na ushindi umgharimu kitu. Sadfa ni suala la aina zote mbili. Mtu akikutana na adui yake kwa bahati mbaya, kisa kimepata moto. Akiokolewa na mpita njia ambaye hajawahi kutajwa, mwandishi amekopa bila kulipa.

UGUMU WENYE MALIPO

Zipo riwaya zinazokataa kueleweka haraka. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, zote za Kezilahabi, ni fupi, zimejaa ndoto na falsafa, na hazina msuko wa kawaida. Kuzisifu kwa sababu tu ni ngumu ni kujionyesha, na kuzitupa kwa sababu hiyohiyo ni uvivu. Zisomwe mara mbili. Usomaji wa pili wa Nagona hufungua milango iliyokuwa imefungwa. Picha iliyoonekana ya kubahatisha mwanzoni inajibiwa na nyingine mbele. Kitabu kigumu kisichotoa kitu kipya mara ya pili kina giza tu.

TAFSIRI NA TOLEO

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara Aziz ili kufidia deni. Tafsiri ya namna hii ina mtihani mgumu, maana inawarudishia wahusika lugha ambayo wangeizungumza. Msomaji asikilize maneno ya watu wa msafara: yanasikika kama yaliyozaliwa kwa Kiswahili, au yanaburuza mguu wa Kiingereza? Aya mbili za majibizano hutosha kujibu.

Toleo lenyewe nalo litazamwe. Makosa ya chapa, kurasa zilizofifia na aya zilizoungana humwibia mwandishi nusu ya kazi yake. Anayependekeza kitabu ataje toleo alilosoma. Tuzo pia husaidia kama kibao cha njiani: ile ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa ya Safal-Cornell, imetoa washindi kama Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Lakini kibao hakimwondolei msafiri kazi ya kutembea.

KUMPA MWENZAKO KITABU

Pendekezo zuri lina mambo matatu. Linataja tukio moja mahususi lililomshika msomaji, bila kufichua mwisho. Linataja kasoro moja kwa uwazi, kwa kuwa sifa tupu haziaminiki. Na linamjua anayepokea: fundi anayesoma ndani ya daladala jioni hahitaji kuanzia Nagona, na mzee aliyekulia Unguja wakati wa ukoloni atakuwa na mengi ya kusema juu ya Kuli.

Kwa aliyeacha kusoma riwaya tangu shule, kitabu cha kurudia ni Vuta n'kuvute, na filamu yake ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji isubiri mpaka kitabu kiishe. Anayependa fumbo aanze na Mzimu wa Watu wa Kale. Aliye na subira na likizo ndefu atafute Myombekere na Bugonoka popote vinapouzwa vitabu vilivyotumika. Akimaliza asikifungie kabatini. Amkabidhi mtu mmoja, na wiki mbili baadaye amuulize ni ukurasa gani uliomfanya akeshe.