Makumbusho Humkumbusha Nani?

Neno makumbusho latokana na kumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Basi neno lenyewe lina sharti ndani yake: hakumbushwi ila yeye aliyepata kujua. Mzee aliyezaliwa Kisarawe, akiiona nyumba ya fito na udongo, hukumbuka. Mjukuu wake aliyezaliwa Temeke, katika nyumba ya saruji na bati, hana la kukumbuka. Huyo hana budi kufundishwa kwanza. Kwa kipimo hicho twataka kukiangalia Kijiji cha Makumbusho, kilichoko Kijitonyama katika wilaya ya Kinondoni, pamoja na kazi ya wale wanaojitolea kuwaunganisha wenyeji na urithi wa wazee wao.

Kijiji hiki ni tawi la Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mjini Dar es Salaam mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Kijiji kilianzishwa 1966, zikajengwa humo nyumba za makabila mbalimbali: tembe la Wagogo, msonge wa Wahaya, nyumba ya pembe nne ya Wazaramo, na nyinginezo. Shauri lilikuwa jema, maana nyumba haitiwi katika sanduku la kioo. Lakini nyumba isiyo na mwenyewe ni bubu. Kibao cha mlangoni, hata kikiandikwa vema, hakijibu swali la pili la mtoto.

Mwaka 1994 Kijiji kilianza kuwaita watu wa kabila kwa kabila, kila moja kwa siku zake, waonyeshe wenyewe ngoma zao, vyakula vyao na kazi za mikono yao. Hili twalisifu bila kusita, kwa kuwa wenye mila walipewa nafasi ya kuzisema. Hata hivyo twaona kasoro mbili. Kwanza, sikukuu hupita, na siku ya pili yake nyumba hurudia ububu wake. Pili, mpango wa kabila kwa kabila hauonyeshi jinsi watu walivyochanganyika. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Katika msiba mtani hufanya kazi na mzaha, wala hangoji kulipwa. Utani huo ni urithi pia, na ndio ulio karibu zaidi na maisha ya Kinondoni na Temeke, ambako watu wa makabila mengi hupanga vyumba katika nyumba moja. Nao haukai katika nyumba ya kabila moja.

Sasa tuwatazame wanaojitolea. Kujitolea ni kutoa nafsi kwa ajili ya mwingine. Basi tuulize, kwa ajili ya nani? Kijana akifagia uwanja na kuwaongoza wageni wa ng'ambo, amefanya kazi njema, lakini bado hajamuunganisha jirani na chochote. Kazi iliyo kubwa zaidi imo katika makuti. Makaburi ya kale ya Kunduchi, yaliyojengwa kwa mawe na chokaa, yamestahimili miaka mingi. Paa la makuti huoza upesi, na ukuta wa udongo hutaka kukandikwa tena. Wengine huhesabu jambo hili kuwa hasara. Sisi twaliona kuwa faida, maana kila ukarabati wamhitaji mtu ajuaye kusuka kuti na kufunga fito, na kando yake mtu asiyejua. Anayejitolea na awe mtu wa kati: amtafute fundi mzee Mbagala au Kunduchi, amlipie nauli, amheshimu kama mwalimu, kisha awalete vijana wa mtaani wajifunze kwa mikono yao.

Wasomaji wetu wayajua mawe 12 ya Yordani. Hayakuwekwa yatazamwe tu, bali watoto waulize na wazazi wajibu. Kwa hiyo, mwalimu akiwapeleka wanafunzi wake Kijitonyama, asiende nao peke yake. Achukue pamoja naye bibi mmoja wa mtaa, amkalishe kivulini mbele ya nyumba, naye mwalimu anyamaze mpaka watoto wamalize maswali yao.