Kalamu Zilizotunza Ngoma

Jioni Minago, Burundi, mitumbwi ikiondoka na taa zake kwenda kuvua ndagala, watoto hubaki ufukweni wakipiga madumu kama ngoma. Hakuna anayeandika. Ndiyo maana nawapongeza waandikao.

Mwaka 1975 mwanahistoria Terence Ranger alitoa kitabu kuhusu beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, kisha ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali. Habari zao nyingi alizikuta katika majalada ya wakoloni walioitilia shaka ngoma hiyo. Hili hunigusa kila nikilifikiria: aliyetumwa kuipeleleza ndiye aliyeihifadhi.

Kule Toronto, watafiti wa mradi uitwao REED wamekuwa wakifanya kazi ya namna hiyo tangu miaka ya 1970. Hupekua hesabu za miji, parokia na vyama vya mafundi wakitafuta michezo ya kuigiza ya Uingereza kabla kumbi zake hazijafungwa mwaka 1642. Mstari mmoja wa malipo ya mpiga filimbi huwatosha kujua kwamba siku ile watu walicheza.

Ngoma za kifalme za Burundi ziliingia orodha ya UNESCO mwaka 2014, na wapiga ngoma wa Gishora huzilinda. Nyimbo za wavuta nyavu wa Rumonge je? Mwenye daftari aanze leo: nani alipiga, arusi ya nani, alilipwa nini.