Bakapu inayosahau mwenye mali

Kuna ushauri unaozunguka sana vyuoni: "Nunua diski ya nje, chomeka kwenye seva, nakili, umemaliza." Leo naupinga. Sisemi ni uongo. Ni nusu ya ukweli, na kwenye bakapu ile nusu iliyobaki ndiyo inayokuja kukuumiza.

Diski nyingi za dukani zinakuja zikiwa zimeshafomatiwa kwa ajili ya Windows, ama kwa NTFS ama exFAT. Linux inazikubali zote mbili. Uwezo wa exFAT uliingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.4, mwaka 2019, na draiva mpya ya NTFS ikaingia toleo la 5.15, mwaka 2021. Kwa hiyo ukichomeka, inasoma na inaandika. Wengi wetu tunapima hapo tu, kisha tunalala usingizi.

Sasa tatizo liko wapi? Kwenye Linux, faili si yale yaliyomo peke yake. Limebeba pia taarifa: mwenyewe ni nani, nani aruhusiwe kulisoma, nani asiliguse. exFAT haina kabisa mahali pa kuandika taarifa hizo. NTFS inazo ruhusa zake, lakini ni za Windows; kuzioanisha na za Linux kunahitaji mipangilio ambayo wachache wanaiweka. Kibaya zaidi ni ntfs-3g, programu ambayo wengi tunaitumia kuandika kwenye NTFS. Bila mipangilio hiyo, ukiiambia ibadilishe mwenye faili, haifanyi, na wala hailalamiki. Rsync inamaliza kazi, hakuna kosa lililoonekana, nawe unafurahi.

Maabara yetu ilifurahi hivyo kwa miezi. Kila Ijumaa tulinakili seva yetu kwenye diski ya NTFS. Siku diski ya ndani ilipokufa, tulirudisha kila kitu, na mafaili yote yalikuwepo. Lakini yote yalikuwa ya mtumiaji mmoja, root, na yako wazi kwa kila mtu. PostgreSQL ikagoma kuwaka, kwa sababu haikubali folda ya data iliyo wazi kwa watu wote. SSH ikakataa funguo zetu za siri kwa sababu hiyohiyo. Hayo yalikuwa usumbufu tu. Lililotutia aibu ni mahojiano ya utafiti wa mwenzetu. Aliwaahidi washiriki wake kwamba ni yeye tu atakayeyasoma. Kwa siku mbili, hadi tulipogundua, kila mwenye akaunti angeweza kuyafungua. Hatukupoteza hata herufi moja ya data, ila ahadi tuliivunja.

Nisiionee NTFS. Ni mfumo imara, upo tangu 1993, na kwa kubeba picha na video kati ya kompyuta za aina mbalimbali hauna ubaya. Ila umepewa kazi isiyo yake. Tena ukiharibika, ukarabati kamili unafanywa na chkdsk, ambayo iko Windows. Seva imekufa usiku, halafu unaanza kutafuta laptop ya jirani!

Ufanyeje basi? Kama diski ni ya seva tu, ifomati kwa ext4. Hamisha kwanza vilivyomo, maana kufomati kunafuta vyote. Kama lazima ibaki ya Windows, usimwage mafaili juu yake moja moja: yafunge kwa tar. Tar inaandika mwenyewe na ruhusa ndani ya furushi lenyewe, kwa hiyo diski inaona faili moja kubwa tu na haina la kusahau. Angalia tu isiwe FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Wakati wa kurudisha, lifungue furushi ukiwa root, la sivyo mafaili yote yatakuwa yako.

Watetezi wa ule ushauri watasema bora bakapu mbovu kuliko kutokuwa nayo. Nakubali, lakini mwenye bakapu mbovu hajui kuwa ni mbovu, na ndiyo maana hatafuti nyingine. Wiki hii chukua folda moja, irudishe mahali pengine, kisha andika ls -l. Ukiona jina moja limejipanga kuanzia juu hadi chini, ujue diski yako imeshasahau.